Karamu ya Waayalandi kwa viazi vya Mama

Kila Desemba, shule zikisha kufungwa na sisi walimu tukisha kupumua, ukoo wetu huzongwa na swali moja linalozusha mjadala mkali kuliko hata siasa: siku ya Krismasi tutapika nini? Ndugu zangu waishio mjini huwa na jibu lao tayari. Wao hutaka pilau, chapati, kuku wa kukaanga na kreti kadhaa za soda, kana kwamba bila hivyo Mwokozi hakuzaliwa. Mwaka uliopita zamu ya kusimamia mapishi iliniangukia mimi, nami nikatangaza kwamba tutaandaa chajio cha Kiayalandi.

"Waayalandi hula nini?" akauliza ndugu yangu mdogo.

"Viazi," nikamjibu.

Alicheka hadi akakohoa. "Yaani nitoke Nairobi hadi Kinangop, kwa nauli ya Krismasi, nije kula viazi?"

Sikumlaumu. Sisi tuliozaliwa Nyandarua tumekula viazi tangu jino la kwanza lilipochomoza. Tumevipanda, tumevipalilia, tumevichimba katika baridi inayofisha ganzi vidole, tumevipakia katika magunia yaliyofurika na kuvishuhudia vikienda Nairobi kwa bei ya kutupa. Kwetu kiazi ni chakula cha kila siku, na kitu cha kila siku aghalabu hakipewi heshima. Hata Mama mwenyewe, aliyetulea na kutusomesha kwa viazi, alitikisa kichwa aliposikia shauri langu. Viazi, alisema, si vya wageni.

Nia yangu katika makala haya ni kumweleza msomaji, hususan mwalimu mwenzangu na mwanafunzi aliyeko likizoni, kwa nini niliushikilia uamuzi huo, na jinsi karamu yenyewe inavyopikwa. Sharti nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1984 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni. Wakenya wa rika langu wanaukumbuka mwaka huo kwa ukame wake, na kwa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo ili kutuokoa. Ugali wake ulikuwa na rangi ya yai na harufu tusiyoizoea. Jioni moja bwalo zima lilisukuma sahani kando. Tulitarajia viboko. Badala yake akaingia padre aliyetufunza Historia, Mwayalandi mzee mwenye nyusi nyeupe, akavuta kiti, akaketi katikati yetu na kutuambia kwamba hata wazee wa babu zake waliwahi kuyagomea mahindi ya manjano.

Tulinyamaza. Hakuna aliyekuwa amewahi kutuambia kwamba kuna Wazungu waliokufa njaa.

Habari aliyotusimulia jioni ile nimeisoma mara nyingi tangu hapo, na kila mwaka mimi huifunza. Asili ya kiazi ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Kilifika Ayalandi kuelekea mwisho wa karne ya 16. Kwa kuwa ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa makabaila, wengi wao wakiwa na asili ya Uingereza, mkulima mpangaji aliachiwa kipande kidogo tu cha ardhi hafifu, na hapakuwa na mmea mwingine ambao katika kipande kama hicho ungeweza kulisha jamaa nzima. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 kisiwani humo. Takriban milioni 3 kati yao waliishi kwa viazi, karibu pasi na kitu kingine. Mwanamume wa kazi za sulubu alikula kilo 5 au zaidi kwa siku, akiteremshia kwa maziwa machachu yaliyobaki baada ya siagi kutolewa. Siagi yenyewe hakuila. Iliuzwa ili kulipia kodi ya shamba. Na kiazi walichokipanda maskini kilikuwa hasa cha aina moja, kilichoitwa Lumper: kiazi cha majimaji, kisichosifika kwa ladha, lakini kilichozaa kwa wingi hata penye udongo mbovu.

Septemba 1845 ugonjwa wa bakajani ukabisha hodi. Kimelea chake, ambacho wataalamu hukiita Phytophthora infestans, hupeperushwa na upepo na kushamiri penye unyevu. Majani huwa meusi kwa siku chache, na viazi huoza vikiwa ardhini. Mwaka 1846 karibu zao lote liliangamia. Hadi dhiki hiyo ilipokoma, yapata mwaka 1852, watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepanda meli na kuhama. Hadi leo idadi ya watu katika kisiwa hicho haijafikia ile ya 1841. Na jambo ambalo Waayalandi hawajalisamehe ni kwamba katika miaka hiyohiyo nafaka, ng'ombe na siagi viliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza, kwa kuwa vilikuwa na mnunuzi huko.

Mahindi ya manjano yaliingia hapo. Waziri Mkuu Robert Peel aliagiza kwa siri kutoka Marekani mahindi ya thamani ya pauni 100,000. Yalikuwa makavu na magumu mno, hayakusagwa ipasavyo, wala hapakuwa na mtu aliyejua kuyapika. Yaliwasokota matumbo wenye njaa, nao wakayabandika jina la salfa ya Peel. Tulipofika hapo katika simulizi, sisi wana wa ugali tulitazamana. Tulizirudia sahani zetu. Sitadai kwamba ugali ule ulikuwa mtamu tangu siku hiyo. Ulibaki vilevile, ila tuliumaliza.

Wiki chache baadaye ikawa siku ya wazazi. Mama alifika saa sita, baada ya kupanda matatu mbili na kutembea masafa yaliyosalia, kiondo mgongoni. Ndani ya kiondo mlikuwa na bakuli la mukimo: viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani ya maboga hadi vikawa kijani kibichi. Alikuwa amelifunga kwa kitambaa cheupe ili lisipoe. Pembeni yetu, juu ya nyasi, wenzangu walikuwa wakifunguliwa keki na mapaja ya kuku. Mvulana mmoja alichungulia bakuli langu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mimi nimeletewa chakula cha vikongwe wasio na meno. Kicheko kikatanda. Nami nikafanya jambo ambalo limenisumbua tangu siku hiyo. Nilimwambia Mama kwamba nimeshiba, nikamwomba alifunike.

Hakusema neno. Alilifunika.

Padre alikuwa akizunguka kuwasalimu wazazi. Alipofika kwetu alimwamkua Mama, akauliza kiondo kimebeba nini. Mama alisita, kisha akafungua kitambaa. Mzee yule akaketi palepale nyasini na kanzu yake, akaomba kijiko. Alikula vijiko vitatu au vinne kimya kimya, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Mama, nani alikufundisha kupika chakula cha mama yangu?"

Alitueleza kwamba kwao huitwa colcannon, jina ambalo katika lugha yao ya kale lina maana ya kabeji yenye kichwa cheupe. Ni viazi vilivyopondwa pamoja na majani. Mama hakumwamini. Alidhani Padre amemwonea huruma tu, na kwamba Mzungu hawezi kuponda viazi na majani akauita mlo.

Ukweli ulidhihirika tarehe 17 Machi mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Patriki, msimamizi wa Ayalandi. Mwaka 1985 iliangukia Jumapili, tena ndani ya Kwaresima, ila Waayalandi tangu zamani hulegeza saumu siku hiyo na kula nyama. Nasi tuna sababu ya kuijua tarehe hiyo hapa nchini. Shirika la Mtakatifu Patriki la Kiltegan, ambalo mapadre wake walifika hadi Turkana katika miaka ya 1960, liliasisiwa tarehe hiyohiyo mwaka 1932. Nao masista wa Loreto kutoka Ayalandi walikuwa wamekanyaga Kenya tangu 1921. Wengi wetu tuliopita mikononi mwa wamisionari hao tulikariri mito na wafalme wa Ulaya bila kujua walimu wetu walilelewa kwa chakula gani. Padre aliwachukua wanafunzi wanane jikoni, nami nikiwa mmojawapo, akatufunga aproni na kutupikisha.

Alianza na mchuzi wa kondoo. Kwa watu wanane, chukua kilo 1 na nusu ya nyama yenye mifupa, ya shingo ikiwa ndiyo bora zaidi, viazi kilo 2, na vitunguu vinne vikubwa. Nusu ya viazi vikate vipande vyembamba, nusu nyingine uviache vikubwa. Tandaza vitunguu na vile viazi vyembamba chini ya sufuria, juu yake panga nyama, kisha vile viazi vikubwa viwe juu kabisa. Nyunyiza chumvi na pilipili manga, na zaatari kama ipo. Mimina maji hadi yafikie usawa wa nyama, funika barabara, na yakisha kuchemka punguza moto uache kwa muda wa saa 2. Basi. Hukaangi kitu. Hutii nyanya, hutii bizari, hutii mafuta.

Hapa ndipo mpishi wa Kenya hutaabika, maana mkono wake huenda kwenye nyanya wenyewe bila kuagizwa. Uzuie. Vile viazi vyembamba vitayeyuka na kuufanya mchuzi kuwa mzito, ilhali vile vikubwa vitaiva kwa mvuke na kubaki vizima, vimefyonza utamu wa mifupa. Ni mapishi ya mtu aliyekuwa na sufuria moja, moto mmoja na kondoo aliyezeeka. Ukiyapamba kupita kiasi hupati tena ladha iliyokusudiwa. Waayalandi wenyewe wanaweza kubishana hadi usiku wa manane kuhusu karoti. Padre alikuwa wa madhehebu ya wasiotia kabisa. Mimi nimeasi, natia mbili.

Kando ya mchuzi kulikuwa na colcannon. Chemsha kilo 1 na nusu ya viazi pamoja na maganda yake ili visinyonye maji, uvimenye vikiwa moto, jambo linalohitaji kitambaa na uvumilivu. Viponde papo hapo kwa robo lita ya maziwa yaliyochemshwa. Maziwa baridi hufanya viazi vigande na kunata. Kabeji au sukuma wiki, nusu kilo, ichemshe kidogo, ikamue maji yote, ikatekate nyembamba, kisha uichanganye pamoja na vitunguu vya majani. Sukuma wiki yetu ni ndugu wa damu wa mboga waitumiayo wao, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba unabahatisha. Ukisha kupakua, chimba kishimo katikati ya kila sahani na utie humo kipande cha siagi kinono. Huliwa kuanzia ukingoni, kila kijiko kikichovywa katika lile ziwa la siagi. Kumbuka ni watu waliokamua siagi kwa karne nzima wasiionje.

Katika mkesha wa Watakatifu Wote, tarehe 31 Oktoba, colcannon hufichwa pete na sarafu. Atakayepata pete ataoa au kuolewa kabla ya mwaka kwisha, na atakayepata sarafu atatajirika. Huko kaskazini mwa kisiwa hupika nduguye aitwaye champ, ambaye hana kabeji bali vitunguu vya majani vilivyochemshwa ndani ya maziwa. Na wakati wa majira ya kuchipua maskini walichuma majani ya kandokando ya mashamba yawashayo mkono, ambayo kwetu Wakikuyu tunayaita thabai, wakayachanganya na viazi kama vile nyanya zetu walivyofanya.

Mkate ndio uliotushangaza zaidi sisi wavulana. Ni mkate usio na hamira. Changanya unga wa ngano gramu 450, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea. Tia maziwa lala kiasi cha mililita 350 hadi 400, ukoroge upesi kwa mkono mmoja na kuufinyanga uwe duara. Usiukande kama unga wa chapati. Ukiukanda utapata jiwe. Walimu wa sayansi watafurahi kueleza darasani kinachotendeka hapo: asidi iliyomo katika maziwa yaliyochacha hukutana na soda, hewa ya kaboni dioksidi ikafoka, mkate ukaumuka. Mfoko huo hauna subira. Mkate uingie motoni mara moja, ukisha kukatwa alama ya msalaba juu ili joto lifike katikati.

Na usiniambie kwamba huna tanuri la umeme. Wanakijiji wa Ayalandi hawakuwa nalo. Walioka mkate katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu au kilichoning'inizwa juu ya moto, wakaweka juu ya kifuniko makaa ya udongo wa kinamasi uliokaushwa, ambao ndio uliokuwa kuni zao. Tofauti yake na sufuria yetu yenye makaa juu na makaa chini ni jina tu. Sufuria ikiwa nzito na makaa yamezagaa sawasawa, mkate huwa tayari kwa dakika 45 hivi. Ugonge chini, ukitoa sauti ya ngoma tupu umeiva.

Yako mengine ambayo nitayapitia upesi. Boxty ni chapati nene ya viazi vibichi vilivyokunwa vikachanganywa na viazi vilivyopondwa, unga na maziwa lala. Ni chakula kizuri cha asubuhi ya pili ya sikukuu, mnapotafuta kazi ya kuwapa viazi vilivyobaki. Watu wa Dublin wana mchemsho wao wa soseji na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, uitwao coddle. Msomaji asiyekula nguruwe hapotezi kitu akibaki na kondoo wake. Ama ile nyama ya ng'ombe ya chumvi pamoja na kabeji, ambayo vitabu vingi vya mapishi huiita mlo halisi wa Mtakatifu Patriki, hiyo ilipewa hadhi hiyo Marekani na wahamiaji. Bandari ya Cork iliuza nyama ya chumvi kwa shehena na shehena katika karne za 17 na 18, lakini mtu wa kawaida aliyeitayarisha hakuimudu. Alipofika New York na kupata mshahara, akainunua. Simlaumu, hata sisi, wa kwanza kuhamia mjini hukimbilia nyama.

Baada ya yote huja chai. Waayalandi ni miongoni mwa watu wanywao chai kwa wingi zaidi duniani, kali na yenye maziwa, na sehemu kubwa ya chai waipendayo hutoka katika milima yetu. Kwa hiyo kikombe cha kumalizia karamu hii hakihitaji kuagizwa popote.

Nirudi Kinangop. Nilipanga orodha yangu mapema, nikijua kwamba karibu kila kitu kitatoka shambani kwa Mama: kondoo, maziwa, kabeji, na juu ya yote viazi. Katikati ya Novemba akanipigia simu. Mvua za vuli zilikuwa zimeshuka mfululizo, ukungu hauondoki hadi adhuhuri. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba majani yameungua.

Nilifika Jumamosi. Nimechora mmea wenye bakajani ubaoni kwa zaidi ya miaka 25, lakini sikuwahi kusimama ukingoni mwa shamba letu wenyewe nikaliona limesinyaa hivyo, kama kwamba mtu amepita usiku na maji ya moto. Harufu yake haisahauliki. Mama alikuwa amepanda Shangi shamba zima, sawa na jirani zake karibu wote. Shangi hukomaa haraka, kwa muda wa miezi mitatu, huiva upesi sufuriani na hupendwa na wauzaji wa chipsi. Kwa hiyo ndicho kiazi chenye soko. Haukustahimili ugonjwa huu. Kiazi ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi, na tumekiegemeza juu ya aina moja. Zipo mbegu ambazo watafiti wetu wamezitoa kwa ajili ya kuhimili bakajani, mojawapo hata ikapewa jina la Sherekea, ila mkulima atapanda vipi kiazi ambacho mchuuzi hakitaki? Mpangaji wa Ayalandi hakuipenda Lumper kwa ujinga. Aliipanda kwa kuwa hakuwa na njia nyingine iliyomlipa.

Sisemi kwamba Kenya itakuwa Ayalandi ya 1846. Tuna dawa za kunyunyiza, tuna mahindi, tuna maharagwe, na Mama ana wana wenye mishahara. Lakini dawa ni ghali, na mvua ikinyesha mchana huosha iliyonyunyizwa asubuhi. Kutoka katika shamba ambalo kwa kawaida humpa magunia 20 aliokoa gunia moja na nusu. Nilimwambia tutanunua viazi vya Krismasi sokoni. Alinitazama kama niliyetukana.

"Baba," akasema, "hao wageni wako wa Ayalandi watakula viazi vyangu."

Siku ya Krismasi tulikuwa 23. Ndugu yangu mdogo alikuja na kuku wake wa kukaanga katika katoni, kwa tahadhari. Mchuzi ulikuwa umechemka tangu alfajiri. Mikate mitatu ilitoka katika sufuria, mmoja umeungua chini kwa sababu mpwa wangu aliachiwa makaa akazama katika simu. Niliwasimulia watoto habari za pete na sarafu, tukaficha sarafu ya shilingi 20 iliyochemshwa, ikapatikana na shangazi mwenye umri wa miaka 81 ambaye alisema utajiri umechelewa. Ndugu yangu alirudia mchuzi mara tatu. Wale kuku walikumbukwa jioni.

Mama aliketi kwenye kiti chake karibu na jiko. Alionja mchuzi akasema unahitaji nyanya. Akala mkate akanyamaza, ambayo kwake ni sifa. Kisha nikamwekea sahani ya colcannon, ile siagi ikiwa imeyeyuka katikati. Aliichimba polepole kuanzia ukingoni kama nilivyomweleza, akatafuna, akaigeuza kwa kijiko kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka humo.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli," akasema. "Yule Padre."

"Alikuwa anasema kweli, Mama."

"Alisahau mahindi."

Tukacheka. Akaendelea kula. Watoto walikuwa wametoka uani, na nje ukungu ulikuwa umeanza kuteremka tena kutoka mlimani. Bila kuinua macho kwenye sahani akaniuliza, "Baba, siku ile ulikuwa umeshiba kweli?"

Miaka yote hiyo nilidhani amesahau.

"Hapana, Mama. Nilikuwa na njaa."

Alisogeza sahani yake katikati ya meza, akanipa kijiko.

"Basi kula," akasema.